Kiraka cha Bega la Kushoto

Sisi wa rika langu hapa Nyakakika tulivijua vita kwa nguo kabla ya kuvijua kwa risasi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi yetu iliyo kaskazini ya mto Kagera. Mapema Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Sisi watoto wa huku Karagwe hatukuyaona mapigano. Tuliyaona magwanda yakipita barabarani. Wakubwa walituambia tutazame sare kwanza, kwa maana lugha haikutosha kumtambulisha adui. Ng'ambo ya mpaka wako watu ambao maneno yao na yetu ni ndugu.

Nimeikumbuka habari hiyo kwa sababu ya mchezo wa kompyuta. Msomaji asicheke. Mpwa wangu alirudi kutoka Mwanza na kompyuta iliyokwisha tumika, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa vita uitwao Combat Mission: Barbarossa to Berlin, uliotolewa mwaka 2002. Unahusu vita vya Wajerumani na Warusi, 1941 hadi 1945. Mchezaji hutoa amri zake zote kwanza, kisha hukaa mikono mitupu akitazama dakika nzima jinsi amri hizo zinavyowafikisha watu salama au kuwaua. Katika michezo niliyoiona, huo ndio ulioniheshimu zaidi. Haukunifanya shujaa, ulinifanya mtu wa kujuta.

Lakini nilichoka kuwaona Warusi. Nilitaka kuwaona watu wa kwetu wa mwaka 1978. Mpwa wangu akanifungulia faili za mchezo, nikakuta kwamba sare za askari ni picha za kawaida, kila moja na namba yake. Picha hiyo imelala bapa kama kitambaa kilichokatwa juu ya meza ya fundi cherehani: hapa mkono, hapa mgongo, hapa kifua. Kompyuta ndiyo inayoishona mwilini. Ukiipaka rangi nyingine na kuihifadhi kwa namba ileile, askari anaamka amevaa nguo mpya.

Siku ya kwanza nilimwaga kijani kibichi juu ya picha nzima. Askari wangu wakatokea kama migomba iliyopigwa plastiki, hawana mkunjo wala kivuli. Ndipo nilipojifunza kwamba uzito wa nguo haumo katika rangi, umo katika vivuli ambavyo mchoraji wa kwanza alivichora kwenye viwiko na magoti. Kazi ni kubadili rangi bila kuvifuta vivuli hivyo. Ilinichukua wiki kadhaa, jioni kwa jioni, hadi betri ya sola ilipoishiwa. Hata nilipofaulu, mkunjo uliobaki ulikuwa wa koti zito la baridi ya Urusi, na bunduki mikononi ilikuwa ya mwaka 1943. Nilikuwa nimebadili nguo. Mwili ulibaki ni wa mwenyewe.

Nyuso nazo zilinishtua. Chini ya kofia zangu za Kitanzania zilichungulia nyuso za Kizungu, nyekundu kwa baridi. Uso nao ni picha, basi nikaupaka. Lakini picha za nyuso ni chache, nikapata jeshi zima la ndugu wa tumbo moja.

Ili kuipatia sare hiyo, nilimwendea baba mdogo, ambaye alikwenda vitani na kurudi baada ya Kampala kutekwa, tarehe 11 Aprili 1979. Nilimwamkia, nikamwuliza gwanda lao lilikuwa la rangi gani. Akasema, "Mwanangu, lilikuwa rangi ya matope. Mvua za Novemba hazikuuliza serikali imenunua rangi gani." Kisha akanieleza juu ya kiraka. Gwanda lake lilichanika bega la kushoto, na la rafiki yake, kijana wa kijiji jirani, likachanika vilevile. Wakakata kipande kimoja cha turubai mara mbili, wakashona kwa sindano ya kuazima. Rafiki yule aliuawa Machi 1979, katika mapigano ya Lukaya.

Nilirudi nyumbani nikakichora kiraka kile kwa uangalifu kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora. Jumapili nikamwita baba mdogo aje aone. Aliketi, akasogeza uso karibu na kioo, akanyosha kidole. "Huyu ni mimi." Nikafurahi. Kidole kikasogea. "Na huyu?" Kikasogea tena. "Na huyu je? Na yule kule mtoni?" Wote walikuwa na kiraka bega la kushoto, kwa sababu wote walishonewa kutoka picha ileile moja. Akanyamaza kitambo, kisha akasema taratibu, "Kiraka kile tulikuwa nacho wawili tu."

Sikuwa na jibu. Hilo ndilo kosa ninaloliona katika mchezo huu, na nadhani katika kila mchezo wa jamaa yake: unaweza kuchora jeshi, huwezi kuchora mtu. Hata hivyo sitaki kuuonea. Sare halisi nayo ilibuniwa kwa kazi hiyohiyo, ya kuwafanya watu wengi waonekane mmoja. Mchezo umeiamini sare kupita kiasi, nasi tulipokuwa watoto kando ya barabara tuliiamini hivyohivyo.

Kuna jambo moja ambalo waliotengeneza mchezo walilipatia, sijui kama kwa kukusudia. Seksheni ya watu wapatao kumi huonyeshwa kwa vinyago vitatu tu. Watu wanapouawa, vitatu huwa viwili, viwili huwa kimoja. Huoni nani ameanguka. Unaona tu kwamba wamepungua. Baba mdogo alipoliona hilo aliniomba nirudie dakika ile. Akasema, "Hapo ni kweli. Ukigeuka, mtu hayupo."

Nilikifuta kiraka jioni ileile. Sare imebaki ya kijani iliyochafuka, si ya mtu yeyote, na mpwa wangu huicheza bila kujua palikuwa na kitu begani. Baba mdogo bado hupita kuniuliza habari za mchezo wangu. Mwaka huu ameniomba nimsindikize Kaboya, wilayani Muleba, katika makaburi ya mashujaa wa vita vile. Anasema kule makaburi nayo yamepangwa yakifanana, ila yule wake anajua mahali alipo.