Kosa la Karama: Kusadikika na Baraza la Wenyeji katika Tanganyika ya Kikoloni

Ikisiri

Riwaya ya Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert imezoeleka kusomwa kama istiari ya jumla ya utawala dhalimu. Makala haya yanaisoma kwa upana mdogo zaidi, yaani kama riwaya kuhusu mahakama. Kwa kuiweka kando ya historia ya mabaraza ya wenyeji, hasa katika Wilaya ya Kilosa, makala yanadai mambo mawili: kwamba kosa analoshtakiwa Karama linalingana na katazo mahususi la sheria ya kikoloni, na kwamba mwisho wa riwaya, unaoweza kuonekana dhaifu kisanaa, unaakisi muundo halisi wa rufaa wa wakati ule. Makala yanaonyesha pia pale istiari hiyo inapofikia ukomo wake: haki ya mtu anayehukumiwa katika baraza lisilo la watu wake.

1.0 Utangulizi

Mkazi wa Kisanga, upande wa Mikumi katika Wilaya ya Kilosa, aliyekuwa na shauri la mahari au la shamba katika miaka ya 1930 hakulipeleka kwa jaji. Alilipeleka barazani, mbele ya mtawala wa wenyeji aliyeketi na wazee wake, huku karani akiandika. Aliyoyasema kwa Kisagara au kwa Kividunda yaliingia daftarini kwa Kiswahili. Kama hakuridhika na hukumu, rufaa yake ilipanda hadi kwa Bwana Shauri, yaani ofisa wa Kiingereza aliyeitawala wilaya.

Jina hilo la cheo lina historia yake. Neno shauri hubeba maana ya ushauri, ya jambo na ya kesi. Wajerumani walilichukua wakalitumia katika Kijerumani chao cha makoloni kwa maana ya kikao cha kusikiliza madai ya wenyeji. Chini ya Waingereza likawa jina la mtu: yule anayeshauri, anayetawala na anayehukumu akaitwa kwa neno moja. Lugha ilikuwa imekwisha kuona kile ambacho sheria ilikiita utaratibu.

Shaaban Robert (1909–1962) aliijua serikali hiyo kutoka ndani. Alikuwa karani wake kwa miaka mingi, na sehemu ya utumishi wake aliifanyia Mpwapwa, wilaya inayopakana na Kilosa kwa upande wa magharibi. Si ajabu, basi, kwamba riwaya yake mashuhuri zaidi inaanzia barazani na kuishia barazani.

2.0 Baraza na mipaka yake

Utawala wa Kiingereza ulirithi kutoka kwa Wajerumani mtandao wa maliwali, maakida na majumbe. Gavana Donald Cameron, aliyeshika madaraka mwaka 1925, aliubadilisha kwa kuanzisha utawala kupitia watawala wa wenyeji. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 iliwapa watawala hao uwezo wa kutoa amri. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya 1929 iliwapa mabaraza, na papo hapo ikayatoa mabaraza hayo chini ya usimamizi wa Mahakama Kuu. Rufaa zikawa zinapanda kwa maofisa wa utawala: wilayani, jimboni, na mwisho kwa gavana.

Mambo matatu katika muundo huo yanahusu uhakiki huu. Kwanza, aliyetoa amri ndiye aliyemhukumu aliyeivunja, na faini iliingia katika hazina ya mamlaka ileile. Pili, hapakuwa na ngazi yoyote ambapo shauri la mwenyeji lilimfikia mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuhukumu tu. Tatu, mawakili walikatazwa kuwatetea watu katika mabaraza hayo. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya huruma: mwenyeji aachwe aseme kwa njia aliyoizoea, bila kunaswa na hila za wasomi wa sheria. Matokeo yake ni kwamba elimu ya sheria ilibaki mikononi mwa upande mmoja.

3.0 Kosa la Karama

Katika Kusadikika, Waziri Majivuno anamshtaki Karama mbele ya mfalme. Uhakiki uliozoeleka hulifupisha shtaka hilo kuwa ni kudai haki au kuuamsha umma. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanakipita kiini cha shtaka lenyewe. Karama hakuasi, hakukataa kodi, wala hakumtukana mfalme. Anashtakiwa kwa sababu amejaribu kuanzisha elimu ya sheria katika nchi isiyokuwa nayo, ili raia wajue namna ya kujitetea.

Likisomwa kando ya sheria ya 1929, shtaka hilo linaacha kuwa la ajabu. Katika Kusadikika, kama katika Kilosa, mahakama ipo, mashtaka yapo na hukumu zipo. Kinachozuiwa ni ujuzi wa mshtakiwa kuhusu kanuni zinazomhukumu. Majivuno anaelewa vizuri kwamba raia mwenye ujuzi huo ni hatari kuliko raia mwenye hasira. Hasira huweza kufungwa gerezani. Ujuzi hurudi barazani na kuuliza hukumu imesimama juu ya nini.

Hapa ndipo ushujaa wa mtunzi unapoonekana, nao ni wa aina ya pekee. Mwaka 1951 karani wa serikali asingeweza kuandika kwa uwazi kwamba mabaraza ya Tanganyika yalihitaji watetezi. Aliweza kuandika juu ya nchi iliyo angani. Lakini fumbo lake halikukimbilia mbali: alichagua suala moja lililo finyu na la kisheria, akalijengea riwaya nzima. Mwaka uleule ilitungwa sheria mpya ya mabaraza hayo, na jina lao likabadilishwa kutoka mahakama za wenyeji kuwa mahakama za mitaa. Katazo la mawakili halikuondolewa.

4.0 Masimulizi kama utetezi

Muundo wa riwaya nao unaeleweka vyema zaidi kwa kanuni za baraza. Karama hajibu shtaka kwa hoja za moja kwa moja. Kwa siku sita anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa Mashariki, Kaskazini, Magharibi, Kusini, Mbinguni na Ardhini, kila mmoja akirudi na mapendekezo ya kuifaa nchi na kila mmoja akiishia kifungoni. Msomaji aliyezoea riwaya ya kisasa anaweza kuuona mpangilio huu kuwa wa kujirudiarudia, na safari kuwa hadithi zilizobandikwa juu ya kesi.

Lakini barazani, kusimulia ndiko kujitetea. Mdai hakuulizwa maswali mafupi ya ndiyo na hapana. Alieleza jambo lake tangu asili, nani alimwoa nani, ng'ombe wangapi walitoka, nani alishuhudia, na wazee wakapima kwa kusikia kote. Marudio yaliyoonekana kuwa kasoro yana kazi ya kisheria: habari ya mjumbe mmoja ni kisa, habari za wajumbe sita ni mwenendo. Karama anathibitisha kwamba nchi ina desturi ya kuwafunga watu wanaoitumikia, na kwa kufanya hivyo anaugeuza mkondo wa kesi. Hadi siku ya sita, anayehukumiwa ni Kusadikika.

Kwa namna hiyo Shaaban Robert anaunganisha vitu viwili ambavyo serikali ya kikoloni ilidai havipatani. Ilisema kwamba desturi ya mwenyeji ya kujieleza na elimu ya uwakili ni vitu vigeni kwa kila kimoja. Karama ni wakili anayetetea kwa njia ya baraza.

5.0 Msamaha wa mfalme

Lawama kubwa inayoweza kuelekezwa kwa riwaya hii inahusu mwisho wake. Mfalme anaguswa, Karama anaachiliwa, wajumbe wanatolewa gerezani, na nchi inaahidiwa mageuzi. Dhuluma ya muda mrefu inafutwa kwa moyo wa mtu mmoja. Kwa wahakiki wanaotafuta mapambano, huu ni ukwepaji.

Lawama hiyo ina uzito, lakini inafaa kuelekezwa mahali pake. Katika muundo wa 1929 njia yote ya rufaa iliishia kwa mtawala. Mshtakiwa aliyeshinda hakushinda kwa sababu mahakama huru ilimlinda. Alishinda kwa sababu aliyekuwa juu aliamua hivyo. Mwisho wa Kusadikika unaonyesha ukomo wa haki katika mfumo ambamo mfalme ndiye jaji. Udhaifu wa riwaya ni kwamba inausherehekea ukomo huo badala ya kuuhoji. Karama anapata uhuru wake, lakini hakuna kinachomzuia Majivuno mwingine kumshtaki mtu mwingine kesho. Elimu ya sheria imeruhusiwa. Mamlaka ya kuikataza hayajaguswa.

6.0 Jambo lisiloonekana katika istiari

Kilosa inafichua pengo jingine. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti Ukaguru katika wilaya hiyo miaka ya mwisho ya ukoloni, alichapisha mwaka 1966 na 1967 uchunguzi wa kesi kutoka mabaraza hayo. Alionyesha kwamba baraza lililokabidhiwa kabila moja liliwahukumu pia watu wa jamii nyingine waliokaa katika eneo hilo, hususan wafugaji wa Kibaraguyu, na kwamba uhasama kati ya wakulima na wafugaji uliingia ndani ya hukumu. Kwa Mbaraguyu, baraza la wenyeji lilikuwa la wenyeji wengine.

Kusadikika haina mtu wa namna hiyo. Mfalme, waziri na mshtakiwa ni watu wa nchi moja na lugha moja, na dhuluma inashuka kutoka juu tu. Ile inayotoka ubavuni, ambapo jirani humhukumu jirani kwa mamlaka ya kuazimwa, haina nafasi katika riwaya. Ukimya huo si jambo dogo. Mwezi Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Swali la nani anaweza kutarajia haki katika baraza la nani lilikuwa limewavuka wakoloni likaingia katika jamhuri.

7.0 Hitimisho

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963, iliyoanza kutumika Julai 1964, iliunganisha mahakama zote katika mfumo mmoja, na Mahakama ya Mwanzo ikachukua nafasi ya baraza. Hakimu alitenganishwa na mtoza kodi, na rufaa ikaweza kufika Mahakama Kuu. Kiswahili kikawa lugha ya mahakama hiyo, na mwaka 2021 sheria ikakifanya kuwa lugha ya utoaji haki katika ngazi zote. Hata hivyo, kwa miongo mingi baada ya 1964 wakili hakuruhusiwa kumtetea mteja wake katika Mahakama ya Mwanzo, mahali ambapo mkulima wa Kisanga huikuta sheria kwa mara ya kwanza. Sababu iliyotolewa ilifanana na ile ya zamani.

Kuisoma Kusadikika kama istiari ya ukoloni pekee ni kuifungia katika kipindi kilichokwisha. Ikisomwa kama riwaya ya mahakama, inabaki na swali ambalo uhuru haukulijibu wote: je, mtu anayehukumiwa anaruhusiwa kujua, na kuwa na anayejua kando yake? Karama alishinda kesi yake mwaka 1951. Kosa lake lilidumu katika vitabu vya sheria muda mrefu baada ya hapo.