Kumbukumbu Mbili za Programu ya Vim

Msomi aliyezoea kuchunguza miswada ya kale ajua ya kuwa neno lililokatwa kwa kalamu halikufa. Lipo chini ya mstari, nalo hutuambia mwandishi alisita wapi. Je, mwanafunzi wa kesho, ambaye miswada yake itakuwa imeandikwa kwa kompyuta, atapata nini? Wengi hujibu kwamba njia ya mwandishi imekwisha potea. Jibu hilo lina haraka, na programu ya Vim, aliyoitoa Bram Moolenaar mwaka 1991, yaonyesha kosa lake.

Mzazi wake, vi, aliyoianza Bill Joy mwaka 1976, ilikuwa na kumbukumbu fupi mno: mtu aliweza kutendua badiliko moja tu, la mwisho, na akibonyeza tena herufi ile ile, badiliko lilirudi. Vim ilizidi hapo. Toleo la 7.0, la mwaka 2006, liliyapanga mabadiliko mfano wa mti. Tuseme mshairi ameandika ubeti, akautendua, akaandika mwingine mahali pake. Katika programu nyingi ubeti wa kwanza hutoweka mara aandikapo herufi ya kwanza ya ule wa pili. Katika Vim hubaki tawini, nao waweza kurejewa. Mwaka 2010 toleo la 7.3 likaongeza uwezo wa kuihifadhi historia hiyo katika faili la pekee, isife programu ifungwapo. Mhakiki angetaka nini zaidi?

Uwezo huo haufanyi kazi mpaka mwenyewe auwashe, nao waandishi si wasomaji hodari wa maelezo ya mitambo. Hilo ni dogo. Lenye uzito ni kwamba historia huandikwa pale tu mwandishi anapohifadhi kazi yake. Umeme ukikatika kabla, kinachomwokoa ni faili jingine, la akiba, ambalo Vim huliandika baada ya kila herufi 200, au mkono ukitulia kwa sekunde 4. Faili hilo hurudisha maneno, matawi halirudishi. Yalinipata mwenyewe. Nilirudishiwa makala yangu ila sentensi ya mwisho, nikashukuru. Kisha nikaitafuta aya niliyoiandika na kuifuta asubuhi ile kabla ya kuhifadhi, wala haikuwapo. Nayo, naona hata sasa, ilikuwa bora kuliko iliyoshika nafasi yake.

Waliotunga programu hizi wamelihesabu andiko kuwa mali, na njia kuwa anasa. Hata Emacs, ambayo huhesabu kutendua kwenyewe kuwa badiliko linaloweza kutenduliwa, katika faili lake la akiba huokoa maneno tu.

Tena mtu akibadili herufi moja ya andiko kwa programu nyingine, Vim hulikataa faili la historia, kwa kuwa havilingani. Basi anayekusanya miswada ya mshairi wa leo na aombe vyote viwili pamoja, tena aviombe kabla jamaa hawajaanza kusahihisha tahajia.