Nani wa Kutumainiwa? Uhakiki wa Dhamira ya Tumaini katika Masimulizi ya Hezekia

Masimulizi ya uvamizi wa Senakeribu, mfalme wa Ashuru, katika nchi ya Yuda mwaka 701 KK yanaijenga kwa upana dhamira ya kumtumaini Mungu badala ya nguvu za binadamu. Ni desturi kuyasoma kama kisa cha mfalme aliyeweka silaha chini akabaki na sala. Usomaji huo hautoshi, na kinachoupinga kimo ndani ya matini yenyewe.

Kwanza, hoja kuhusu tumaini haitolewi na nabii bali na adui. Katika 2 Wafalme 18:19-24 mzizi wa Kiebrania batah umerudiwa mara saba, na msemaji ni mjumbe wa Ashuru, mwenye cheo cha Rabshake. Anaifananisha Misri na mwanzi uliopondeka, umchomao mkono kila auegemeaye. Tathmini hiyo haipishani sana na ya Isaya katika sura ya 30 na 31. Mtunzi amemwachia adui nusu ya ukweli ili kosa lake lijitokeze katika nusu ya pili, pale anapomweka BWANA katika orodha moja na miungu ya Hamathi na Arpadi. Kejeli hii imefumwa kwa ustadi.

Tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952 huutafsiri mzizi huo kwa kitenzi -tumaini, ambacho katika Kiswahili hubeba pia maana ya kutarajia jema. Kwa hiyo msomaji husikia tarajio mahali ambapo Kiebrania kinasisitiza usalama wa aliyepata pa kuegemea. Katika Isaya 31:1, ambapo -tegemea na -tumaini zimekaa pamoja kwa kufuata vitenzi viwili vya asili, picha ya kuegemea inarudi.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika 2 Wafalme 18:14-16. Aya chache tu baada ya kusifiwa kwamba hakuna mfalme wa Yuda aliyetumaini kama yeye, Hezekia anakiri kosa mbele ya Senakeribu, analipa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, na kubandua dhahabu ya milango ya hekalu. Aya hizo hazimo katika Isaya 36. Anayemsoma Isaya peke yake anakutana na mfalme aliyesafishwa. Lakini kumbukumbu za Senakeribu, zinazodai miji 46 yenye ngome, nazo zinataja talanta 30 za dhahabu, pamoja na 800 za fedha; hazidai kwamba Yerusalemu ulitwaliwa. Malipo, basi, si jambo la kupuuzwa. Kwa maoni yetu, mhariri wa Wafalme ni mwaminifu zaidi kwa kuliacha doa hilo mahali pake.

Kuhusu mfereji wa maji, ambao kwa kawaida huhusishwa na handaki la Siloamu lenye urefu wa takriban mita 533, 2 Wafalme 20:20 inautaja miongoni mwa matendo makuu ya mfalme. Isaya 22:8-11, kwa upande wake, inawakemea watu walioziangalia silaha na kukusanya maji bila kumwangalia aliyeyafanya tangu kale. Nabii halaumu kuchimba. Analaumu mwelekeo wa macho. Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba dhamira hii inafuta kazi ya mikono.

Lakini kuna Lakishi. Matini inautaja kama kambi ya Senakeribu na kupita. Michongo ya ukutani iliyotoka Ninawi, ambayo sasa imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, inaonyesha wakazi wake wakiondolewa na mizigo yao, na wengine wakitundikwa juu ya miti. Hatuambiwi kama nao waliomba. Usomaji unaogeuza tumaini kuwa dhamana ya kuokoka sharti uupitie mji huo kwanza.

Takriban karne moja baadaye Yeremia, katika sura ya 7, anatumia mzizi uleule dhidi ya watu wanaolitumainia hekalu, naye anawaelekeza Shilo wakaone kilichotokea huko. Wokovu wa mwaka 701 ulikuwa umekwisha kuwa ngome nyingine, na mnamo 587 au 586 KK Wababeli waliiteketeza.