Ramani ya moshi isiyoiona Usoke wakati wa mvua

Ramani za setilaiti za hewa chafu zinavutia, na sisi wanafunzi tunazipenda kupita kiasi. Unabonyeza, Tabora inageuka nyekundu mwezi wa Agosti, unaibandika kwenye tasnifu, basi. Wekundu huo si uongo. Kiangazi miombo inachomwa, na chembechembe za moshi hubaki hewani siku kadhaa kwa sababu hakuna mvua ya kuziosha.

Shida ni miezi ya mvua. Chukua Usoke, kwenye reli ya Tabora–Kigoma, ndani ya eneo la tumbaku la Urambo. Tumbaku ya mvuke (jina lisikudanganye, ni kuni tupu) huvunwa na kukaushwa mvua zikiwa bado zinanyesha. Moto wa bani hukokwa usiku na mchana kwa takribani wiki nzima, na anayeukoka analala palepale. Sasa MODIS, kifaa kilichopo kwenye setilaiti ya Terra iliyorushwa 1999, hupima chembechembe kwa mwanga wa jua unaorudi angani. Kukiwa na wingu hakipati kitu. Hata anga ikiwa safi, kinapima hewa yote toka ardhini hadi juu, siyo ile inayoingia puani. Pengo linajazwa na modeli, ambayo kuhusu kuni za bani ina makisio ya jumla tu.

Linganisha na Aktiki. Kituo cha Zeppelin, juu ya mlima kule Ny-Ålesund, Svalbard, kinapima hewa tangu 1989. Huko nako kuna miezi ya giza ambayo setilaiti ya aina hii haioni chochote, lakini vifaa vya mlimani vinaendelea. Ndiyo maana inajulikana kwamba ukungu wa Aktiki hujijenga wakati wa baridi, hufika kileleni kuelekea majira ya kuchipua, halafu kiangazi hupungua na chembe mpya ndogo sana huzaliwa, nyingine kutokana na gesi za baharini. Setilaiti peke yake ingekosa nusu ya hadithi.

Halafu kuna wastani. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza chembe ndogo zisizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka, na 15 kwa saa 24. Ramani ya mwaka hujibu lile la kwanza tu. Mkokaji wa bani anahusika na la pili. Kwa hiyo ukichapisha ramani yako ya Tabora, onyesha kila mwezi peke yake, na andika ni siku ngapi za Machi setilaiti iliona ardhi.