Paa kwa Paa

Nyumba ya kawaida ina pembe nne, na mchora ramani aliyeiva huzibofya zote kwa zamu kwenye picha ya setilaiti, kisha hurudi kwenye ya kwanza kulifunga umbo. Hubonyeza herufi Q, na pembe zilizokaa mshazari zikanyooka. Nyumba ya msonge nayo ina herufi yake, O, inayoligeuza umbo kuwa duara. Halafu huhamia nyumba inayofuata. Katika kata kama Maposeni, huko Songea jirani na Peramiho, ambako makazi na mashamba ya mahindi yamechanganyika, kazi hiyo haina njia ya mkato. Kila paa linahitaji jicho la mtu.

Nazungumzia OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004. Yeyote anaweza kufungua akaunti, akachora, akasahihisha na kuitumia bila kulipa hata senti. Wengi huiita kanzidata, na ndivyo ilivyo. Lakini nimewatazama wachoraji wake kwa muda mrefu, na mimi naihesabu miongoni mwa sanaa kubwa za umma za zama zetu.

Ufundi wenyewe umejificha kwenye mambo madogo. Setilaiti mara nyingi hupiga picha kwa pembeni kidogo, hivyo jengo refu huonekana limeegemea upande mmoja: paa liko hapa, msingi uko kule. Mwanagenzi huchora paa akaliacha hapohapo. Fundi huchora paa, kisha huliburuta taratibu mpaka likae juu ya msingi wake. Picha nayo yaweza kuwa imehama mita kadhaa, hasa penye vilima kama vya Songea, kwa hiyo kabla ya kuchora chochote fundi hutafuta nyayo za GPS zilizoachwa na watu waliopita barabarani, akaisogeza picha hadi ilingane nazo.

Halafu kuna kutambua. Tanuri la matofali ya kuchoma, likitazamwa kutoka juu, lina pembe nne na kivuli kama nyumba ndogo. Lakini kando yake kuna shimo lililochimbwa udongo, na hakuna njia iliyokanyagwa kuelekea mlangoni, kwa sababu mlango haupo. Mchoraji mzuri huyaona hayo yote kabla ya kubofya. Paa la nyasi lililozeeka hufanana rangi na ardhi ya kiangazi, na mara nyingine kinachomjulisha kuwa pale pana nyumba ni kivuli chake, na uwanja uliofagiwa mbele yake ukawa mweupe. Napenda sana jambo hilo: ufagio wa asubuhi wa mtu fulani unaonekana kutoka angani, na mtu aliye mbali anauheshimu kwa kuichora nyumba yake sawasawa.

Katika kazi za pamoja eneo hukatwa vipande vya mraba. Mmoja huchora kipande na kukikabidhi, mwingine hukikagua: njia imeungana na barabara, au imeishia hewani? Nyumba mbili zimepandana? Penye kasoro hurudishwa pamoja na maelezo. Mlango uko wazi kwa kila mtu, na kiwango hakishushwi kwa ajili ya yeyote. Hapo ndipo naiona heshima ya kazi hii.

Mkoa wa Ruvuma, ilipo Songea, una sababu yake ya kuielewa sanaa ya namna hii, ambayo vifaa vyake viko wazi kwa kila mtu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, lakini kwa kuwa vifaa vyake vilipatikana dukani kwa bei ya mtu wa kawaida, ndugu na wanafunzi wake waliendelea palepale.

Kwa upande wa ramani, mtaa wa Kibera jijini Nairobi, Kenya, ulichorwa na vijana wake kuanzia mwaka 2009. Mwaka 2011 ikafuata kata ya Tandale jijini Dar es Salaam, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wakifanya kazi bega kwa bega na wakazi. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria jijini humo, na watu wakapita mitaani na futi na simu, wakipima upana na kina cha mitaro na kuwauliza wenyeji mafuriko hufika wapi. Swali hilo setilaiti haiwezi kulijibu. Mjumbe wa mtaa analijibu akiwa amesimama mlangoni kwake.

Asiye na kompyuta hajaachwa nje. Ramani ya kijiji huchapwa kwenye karatasi, mtu akaandika kwa kalamu mahali pa kisima, zahanati au kivuko. Karatasi ikipigwa picha, alama iliyochapwa pembeni huiwezesha programu kuiweka mahali pake juu ya ramani, tayari kunakiliwa. Mwenye simu ya kawaida ya Android hupakua ramani ya eneo mara moja, penye mtandao, kisha huitumia shambani bila bando.

Kwa Maposeni, majengo ni mwanzo tu. Ningetamani kuona majina ya vitongoji yameandikwa kama wenyeji wanavyoyatamka, na visima vinavyotoa maji mwaka mzima vimetenganishwa na vile vinavyokauka. Zaidi ya yote ningetamani barabara za udongo zionyeshwe zinavyopitika masika na kiangazi, kwa kuwa ramani hii ina nafasi ya kuandika hilo. Mwenye gari la wagonjwa au lori la mahindi anahitaji kulijua kabla hajaondoka, na wa kwanza kuulizwa awe dereva wa bodaboda, maana yeye hupita huko hata mwezi wa tatu.