Na ule mzigo, ulifika?

Filamu ya Captain Phillips ilitoka 2013, lakini kwenye kibanda cha video pale Malaba, upande wa Tororo, bado inawekwa. Niliitazama hapo nikingoja gari la kunirudisha kambini. Vijei anachanganya Kiganda na Kiswahili juu yake, watu wanacheka.

Kisa wengi mnakijua. Tarehe 8 Aprili 2009 maharamia wanne wa Kisomali wanapanda meli ya Maersk Alabama, iliyotoka Djibouti kwenda Mombasa. Wanaondoka na nahodha ndani ya mashua ya kuokolea, manowari za Marekani zinawazingira. Mwongozaji Paul Greengrass anajua kumkaba mtazamaji roho. Hata vijei alinyamaza. Na Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu ambaye hakuwa amewahi kuigiza filamu, anamfanya Muse awe mtu, si zimwi. Anasema habari za samaki waliokwisha na mabosi wanaongoja pesa, nasi tunamsikiliza. Hapo naisifu.

Risasi zikalia, watatu wakafa, Tom Hanks akabaki anatetemeka, amejaa damu. Imeisha. Ndipo tanboi mmoja wa lori, aliyekaa chini, akauliza: "Sasa ule mzigo, ulifika?" Kibanda kizima kikacheka. Mimi sikucheka.

Maana mzigo ule ulituhusu. Katika tani kama 17,000, karibu 5,000 zilikuwa za msaada, ziende Somalia, Kenya na Uganda. Filamu inautaja msaada huo kwa maneno machache, nahodha akijitetea mbele ya Muse, halafu basi. Chakula kinakuwa ushahidi wa wema wa wenye meli. Mlaji hana sura wala jina.

Jibu la tanboi lipo. Meli ilifika Mombasa tarehe 11 Aprili, siku moja kabla nahodha hajaokolewa. Yaani sisi tumekaza macho kwenye mashua, kumbe hadithi nyingine ndiyo inaanza: kontena zishushwe, lori zipande Nairobi na Eldoret mpaka foleni ya Malaba au Busia, na huko mwisho mama anangoja na kadi yake ya mgao. Atakayesema foleni haina msisimko, huyo hajawahi kuhesabu vikombe vya unga vilivyobaki.

Si habari ya zamani tu. Kuanzia Novemba 2023, mashambulizi ya Wahouthi karibu na mlango wa Bab el-Mandeb yalifanya meli nyingi zizunguke Rasi ya Tumaini Jema. Filamu zake zitakuja, na manahodha wapya watatetemeka vizuri.

Ndugu zangu wa kambini, hizo hatutaziongoza sisi. Lakini huku mwisho wa barabara tunakujua wenyewe, na kalamu tunazo. Nanyi wa mashirika, mkiandika ripoti ya tani ngapi zimepita Malaba, andikeni pia zilipikwa jikoni kwa nani. Tanboi yule bado hajajibiwa vya kutosha.