Msikilizaji Ashikapo Usemi: Pakruok na Uhakiki wa Muziki wa Jukwaani Kisumu

Utangulizi

Mgeni asiyejua Kijaluo, aingiapo kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa muziki mjini Kisumu, au katika mji wowote wa ufuko wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, aghalabu hutoka na lalamiko moja: kwamba wimbo haukuachwa uendelee. Magitaa yamekwisha kupamba moto, wachezaji wamekwisha kujaa uwanjani, mara mtu mmoja anamkaribia mwimbaji na kumpa fedha. Muziki unanyamazishwa, au unapunguzwa hata ukabaki mdundo tu, na mtu huyo anasema maneno machache ambayo ukumbi mzima unayacheka na kuyashangilia. Kisha muziki unaanza tena, na baada ya dakika chache anatokea mwingine. Mgeni huona kwamba amenyimwa wimbo alioulipia kiingilio. Mwenyeji naye huona kwamba hapo ndipo wimbo ulipoanza.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mwenyeji ndiye aliye sahihi, na kwamba kosa la mgeni huyo ndilo linalofanywa na sehemu kubwa ya uhakiki wa nyimbo. Maneno hayo ya msikilizaji huitwa pakruok. Neno hili limetokana na kitenzi pako, yaani kusifu, nalo lina maana ya kujisifu, ingawa mtu aweza pia kumsifu mpenzi, rafiki au mkwe. Kwa kuwa nyimbo huchunguzwa zaidi kutokana na santuri, kanda au karatasi, pakruok imezoea kutajwa kama desturi ya hadhira tu, jambo la kuelezwa katika aya moja kabla ya kuingia katika matini yenyewe. Hoja ya makala haya ni kwamba pakruok ni sehemu ya matini yenyewe, na mhakiki aiachaye huhakiki nusu ya kazi.

Tukio na mpangilio wake

Desturi hii ni ya kale kuliko gitaa. Chimbuko lake limo katika upigaji wa nyatiti, ala ya nyuzi nane. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi, huvaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye ala, huku njuga alizojifunga mguuni zikilia. Hivyo mtu mmoja hutoa sauti za nyuzi, mdundo, njuga na maneno kwa pamoja. Fundi wa namna hiyo alialikwa matangani na penye pombe, naye hakuja na wimbo uliokamilika. Alikuja na kiini cha wimbo, akakizungushia majina, nasaba na habari za waliohudhuria. Msikilizaji aliyetaka kusema alitoa sarafu, fundi akazituliza nyuzi, msikilizaji akajitaja, na fundi akaendelea. Wajaluo huuita ushiriki huu wa kutoa na kufurahi chamo thum, yaani kula muziki.

Wapigaji wa benga walipoanza kuziiga nyuzi za nyatiti na za orutu kwa gitaa, walirithi pia pumziko hili la kati. George Ramogi, D. O. Misiani wa Shirati Jazz, na wenzi Collela Mazee na Ochieng Nelly wa Victoria hawakuwa wakipiga mbele ya watu waliokaa kimya. Walipiga mbele ya watu ambao baadhi yao walikuwa wametunga maneno yao nyumbani na kuja nayo ukumbini, wakingoja zamu.

Pakruok iliyo njema huwa na sehemu tatu. Kwanza ni kujitaja, ambako msemaji hulikwepa jina lake la kawaida na kutumia lakabu, kwao mamaye, au ukweni kwake. Pili ni taswira, ambayo yaweza kuchukuliwa kutoka kwa samaki, ndege, vyombo vya majini, magari au hata ofisi za serikali. Tatu ni fundo, yaani mzunguko wa maneno unaoifanya taswira hiyo ishangaze. Mathalani, mvuvi wa Dunga aweza kujiita taa ya karabai iliyoachwa ziwani usiku, ambayo dagaa huifuata wenyewe pasipo kuitwa. Katika sentensi hiyo moja mna kazi, mna mapenzi, na mna majivuno. Asiyejua kwamba dagaa huvuliwa gizani kwa taa hataona kichekesho, na asiyemjua mvuvi huyo hataona kwamba huenda anajidhihaki. Maana ya usemi haimo katika maneno peke yake. Imo pia katika ujuzi wa watu waliosimama kuuzunguka.

Hadhira igeukapo fanani

Katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, yaliyochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989, M. M. Mulokozi alieleza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo hutawaliwa na mwingiliano wa fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali, wakati na tukio lenyewe. Maelezo hayo yameufaa sana uchambuzi wa Kiswahili, kwa sababu yaliutoa wimbo karatasini na kuurudisha uwanjani. Hata hivyo pakruok inatudai tusonge hatua moja mbele. Katika ukumbi wa Kisumu mtu yule yule huwa hadhira, huwa fanani kwa nusu dakika, kisha huwa hadhira tena. Katika nusu dakika hiyo mwimbaji naye huwa hadhira: husikiliza, hucheka, na mara nyingi huichukua lakabu iliyotajwa akaitia katika ubeti unaofuata. Hapa fanani na hadhira si watu wawili walio pande mbili. Ni nafasi mbili zinazopokezanwa ndani ya wimbo mmoja.

Wasomaji waliozoea taarabu watakumbuka kutuza. Katika kumbi za Unguja na Mombasa msikilizaji huinuka akicheza, huenda mbele kwa madaha, na kumtuza mwimbaji hasa ubeti ufikapo mahali panapomgusa yeye au hasimu wake. Desturi hizo mbili ni ndugu, lakini hazifanani kabisa. Mtuzaji wa taarabu hasemi. Huyatwaa maneno ya mwimbaji na kuyaelekeza kwa mtu fulani kwa kitendo cha kutuza, na ukumbi huelewa. Msema pakruok hutoa fedha ili anyamazishe maneno ya mwimbaji na kuweka yake mahali pake. Yule wa kwanza ni mfasiri, huyu wa pili ni mtunzi.

Vilevile pakruok yafaa kutofautishwa na majigambo, kama vile yale ya Wahaya, ng'ambo ya magharibi ya ziwa lile lile. Katika majigambo msemaji husimulia matendo yake ya ushujaa kwa urefu. Pakruok ni fupi mno, haihitaji ushujaa wowote, na mara nyingi nguvu yake hutokana na unyonge wa msemaji. Mtu asiye na ng'ombe hata mmoja aweza kujisifu akaushinda ukumbi.

Santuri na kile isichokibeba

Santuri ndogo za mizunguko 45 zilizoieneza benga katika miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande. Ndiyo sababu nyimbo nyingi ziligawanywa sehemu mbili, maneno yakijaa upande wa kwanza na magitaa yakiachiwa upande wa pili. Studioni hapakuwa na wa kusimamisha muziki. Wanamuziki walijaribu kuliziba pengo hilo kwa kuwataja wenyewe marafiki na wafadhili wao, jina baada ya jina. Asikilizaye santuri hizo leo huweza kuyadhani majina hayo kuwa ni mapambo yasiyo na kazi. Kwa kweli ni alama ya mahali ambapo, ukumbini, angesimama mtu mwingine na kusema.

Mfano wa Zimbabwe unalithibitisha jambo hili. Benga ilifika huko kwa santuri, na mtindo huo ukaitwa kanindo, kutokana na jina la mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo, ambaye santuri zake zilisambaa kusini mwa Afrika. Kilichosafiri ni gitaa na mwendo wake. Watu waliotajwa katika nyimbo walibaki ufukoni, na lugha yao pamoja nao.

Kwa upande wa maudhui hasara huwa kubwa zaidi. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kufariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006, alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake, naye alizoea kusema kwa mafumbo na kwa visa vya Biblia na vya wanyama. Fumbo la namna hiyo halijakamilika litokapo kinywani mwa mwimbaji. Hukamilishwa na ukumbi, kwa kicheko, kwa kimya, au kwa msikilizaji anayejipa lakabu ya mnyama aliyetajwa punde. Mhakiki mwenye maneno ya wimbo tu ana swali lakini hana jibu.

Suala la fedha

Kuna pingamizi lisiloweza kupuuzwa. Ikiwa zamu ya kusema hununuliwa, je, pakruok si sauti ya mwenye nacho? Tajiri aweza kujinunulia zamu kumi, na mgombea wa kiti aweza kuugeuza usiku mzima kuwa mkutano wake. Hapana shaka hayo yawezekana, na wapo wanamuziki wanaopima wimbo kwa noti zilizoangukia miguuni mwao. Mhakiki akiyafumbia macho haya ataigeuza desturi kuwa paradiso ambayo haijapata kuwako.

Lakini fedha hiyo yapaswa kuchunguzwa inanunua nini. Hununua kimya cha magitaa. Hainunui kicheko cha watu. Mwenye noti nyingi na taswira iliyochakaa hupigiwa makofi ya adabu na wale aliowanywesha. Kijana mwenye noti moja aliyekuja na fundo jipya, lakabu yake hurudiwa barabarani asubuhi. Ukumbi basi hufanya kazi ya uhakiki papo hapo, tena kwa vigezo vya fasihi: upya wa taswira, ufupi, na ufaafu wa usemi kwa msemaji. Wahakiki wa vyuoni wangefaidika kuvijua vigezo hivyo.

Maisha ya Ayub Ogada, aliyezaliwa mwaka 1956 na kufariki mwaka 2019, yanatoa kipimo kingine. Katika miaka ya 1980 aliipiga nyatiti katika njia za treni za chini ya ardhi mjini London, na mwaka 1993 sahani yake En Mana Kuoyo ikamjulisha duniani. Wapita njia wa London nao walitoa sarafu. Lakini sarafu ile ilikuwa shukrani tu. Haikumpa aliyeitoa haki ya kuzituliza nyuzi na kujitaja. Katika kumbi kubwa zilizofuata, hadhira ilikaa kimya hadi mwisho, ikapiga makofi. Ala ni ile ile na lugha ni ile ile, ila nafasi ya msikilizaji ilikuwa imefutwa. Haifai kusema kwamba muziki ule ulikuwa duni. Uzuri wake unajulikana. Lililo sahihi ni kwamba ulikuwa utanzu mwingine.

Hitimisho

Leo ohangla, ambayo zamani ilikuwa ngoma ya watu wazima matangani na penye pombe, imeongezewa kinanda cha umeme na kujaza kumbi za Kondele, na wasanii kama Tony Nyadundo wameifikisha mbali na ziwa. Pakruok haijafa humo. Inapokezanwa kwa kipaza sauti, na wanawake pia husimama na kujitaja. Kinachobadilika ni kumbukumbu: watu hurekodi kwa simu, na mara nyingi rekodi hukatwa ili wimbo usikike "safi". Kwa mkato huo huo kosa la santuri linarudiwa, safari hii kwa hiari.

Mwaka 1968, Okot p'Bitek alipokuwa akifanya kazi Kisumu, aliandaa tamasha la sanaa mjini humo. Mwaka huo huo Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai Chuo Kikuu cha Nairobi kiiweke fasihi ya Kiafrika, ile ya masimulizi ikiwamo, katikati ya masomo. Madai yale yalishinda, na fasihi simulizi ikaingia madarasani. Iliingia, hata hivyo, kwa sura ya matini iliyonakiliwa na kusafishwa, ambamo fundi ana jina na msikilizaji hana. Vyuo vilivyo karibu na ziwa, kama Maseno, vina nafasi ya kurekebisha jambo hili kwa gharama ndogo. Atakayenukuu wimbo wa ukumbini aandike pia ni wapi uliposimamishwa, nani alisema, alisema nini, ukumbi ulifanya nini, na mwimbaji alikirudisha kipi. Hapo ndipo mtu aliyekuja na sentensi yake moja kutoka Dunga atakapohesabiwa miongoni mwa watunzi.